Maziwa ya Gari

Mikebe ikigongana ndiyo iliyotuamsha kila alfajiri nyumbani kwetu Kitale. Baba alikuwa na ng'ombe kumi na wawili wa gredi, wale wa maziwa mengi, wote wanene kuliko sisi. Walikamuliwa, mikebe ikapelekwa barabarani kungoja gari la maziwa, nasi tukaketi jikoni kunywa strungi, chai isiyo na hata tone la maziwa. Ukiuliza, uliambiwa hayo ni ya gari. Sisi watoto saba hatukuonja, gari likashiba. Hadi leo nikilikumbuka jibu lile naudhika.

Likizo ya Agosti nikiwa darasa la tano, nilipelekwa Kimilili kwa Senge, dada yake Baba. Kwetu alitajwa kwa huruma: nyumba ya udongo, kipande cha shamba, ng'ombe mmoja wa kienyeji. Basi huko kwa maskini ndiko nilikopewa chai nzito ya maziwa, kikombe cha kwanza, cha pili, na bado akaniuliza kama nimeshiba. Majirani nao walipita jioni wakanywa, wakacheka mpaka giza likaingia. Niliporudi nilimweleza Baba. Akasema, "Huyo dada yangu hana mpango."

Wiki hiyo Mama alikuwa amejifungua kitinda mimba wetu. Alilala midomo imemkauka, kando yake kikombe cha strungi. Nilishindwa kuvumilia. Nilichota sufuria nzima ya maziwa mkebeni, nikampikia chai kama ya Senge, kisha kwa akili zangu za darasa la tano nikajazia maji ili mkebe usionekane umepungua. Mama alikunywa amefumba macho, wala hakuniuliza nimeyatoa wapi. Gari lilipofika, mpimaji alitumbukiza kipimo chake, akatikisa kichwa, akaurudisha mkebe wote mbele ya majirani. Nilikiri kabla sijaulizwa. Baba hakunichapa. Aliubeba mkebe, akaupitisha mlangoni pa jikoni tulipokuwa tumesimama, akaenda kuwamiminia ndama. Yaani hata maziwa yaliyokataliwa na gari hayakutufikia! Heri angenichapa.

Sasa naishi Bungoma mjini, na kwangu maziwa hayakosekani. Senge ni mzee na bado anacheka. Mama tulimzika. Baba ana ng'ombe wengi zaidi na nyumba kubwa ya vigae, na wapita njia husema mzee ameomoka, ametajirika. Mwezi jana nilimkuta peke yake katika sebule ile kubwa, na strungi yake mkononi. Nilimnyang'anya kikombe, nikachota maziwa, nikampikia chai, huku nikipanga maneno makali niliyomwekea miaka yote hiyo. Alionja, akaonja tena.

"Nekesa," akasema, "siku ile mama yako alisema nini?"

Nikamwambia hakusema kitu, alikunywa tu amefumba macho. Akaitazama chai yake, akaimaliza. Nilimjazia kikombe cha pili, na hasira zangu ziko palepale.