Majivu Mbele ya Wakwe

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Kwa hivyo wakwe wa mdogo wangu Naserian walipokuja Kitengela kutoka kwao Bisil kumposa, mimi ndiye niliyewapokea kama mzazi, na nilitaka waone nyumba yenye heshima. Nilikuwa nimefufua mashine kuukuu ya kufyonza vumbi, mota ya huku, mpira wa kule. Iliponguruma, nikajiita fundi.

"Dada, si ufagie tu?" Naserian alininong'oneza.

"Wewe tulia uone."

Nikachota majivu jikoni, nikayamwaga kwenye zulia mbele ya wageni, nikawaambia waangalie yakipotea. Nikawasha. Yalipotea kweli, yakahamia nyusoni mwao. Nikadhani mashine imekosa nguvu, nikaiongeza.

"Dada, zima! Umechomeka mpira kwenye tundu la kupuliza!"

Wingu lilipotulia, baba mkwe alikuwa mweupe hadi kope. Alijipangusa polepole, akanitazama. Nikajua nimemharibia Naserian ndoa.

"Mama, binti tumempenda sana," akasema. "Lakini hiyo mashine asije nayo Bisil."