Bunduki Iliyonukia Maziwa

Juzi nilirudi nyumbani Wabera, na hata chai sijapewa, baba mdogo akaniwekea mapajani bunduki ya marehemu babu, ile ya mitutu miwili, imeviringishwa kwenye shuka ya akko. Akko ndiye nyanya yetu, naye tulimzika mwaka jana. "Iage," akaniambia. "Jumatatu naipeleka kituo cha polisi. Hii si kitu ya kukaa na watoto."

Niliinusa kabla ya kuitazama. Wallahi, bado ilinukia maziwa.

Wacha nikueleze. Asubuhi zetu za utotoni zilianza na moshi. Akko alichukua kijiti cha ejersa, mzeituni wa porini, chenye kaa jekundu, akakitia ndani ya gorfa, kile chombo chetu cha maziwa cha kusokotwa, akafunika, akatikisa, mpaka ndani pakawa peusi na kunukia. Maziwa ya ngamia yakishakaa humo, hata chai ya maji ya chumvi inanyweka. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa, machozi yakinitoka. Vyombo vikiisha, kijiti cha mwisho kilikuwa cha bunduki: mtutu wa kulia, kisha wa kushoto. Tukimuuliza kwa nini, alijibu, "Nyumbani kwangu hakuna kinacholala bila moshi."

Bunduki yenyewe ilining'inia karibu na mlango. Mgeni hakukosa kuchungulia ile midomo myeusi. "Mzee, umepiga nini tena?" Babu alikunywa chai yake tu. Akko ndiye aliyejibu, bila hata kuinua macho: "Muulize fisi."

Na hadithi tulikuwa nayo moja, tamu kuliko zote. Mwaka wa kiangazi, huko Sericho, wezi wa mifugo waliwavamia watu kisimani. Babu akasimama mbele ya ngamia na bunduki yake begani. Wakamtazama, naye akawatazama, wakageuka wakaenda zao. Mimi niliisimulia shuleni mpaka mate yakanikauka. Lakini jirani yetu Mmeru, muuza miraa, siku moja alinichokoza: "Wewe, nimekaa hapa miaka yote, sijaisikia ikilia. Hiyo ni ya kupigia picha!" Nililia siku hiyo, na maneno yale yalinikaa moyoni hadi leo.

Ndiyo maana nilitaka kujua kabla ya Jumatatu: babu alikuwa shujaa kweli, ama tulilishwa porojo? Maandishi kwenye chuma yalikuwa yamelika. Baba mdogo alijua tu kwamba mzungu mmoja mpima ardhi alimwachia babu kule Leparua, shukrani ya kuonyeshwa maji. Wazee pale msikitini waliniambia kila mtu lake. Mwishowe nikaibeba hadi nyumba ya pili, kwa mzee aliyestaafu uaskari wa wanyamapori.

Tukasalimiana, akaifungua katikati, akapitisha kitambaa mitutuni, akanusa. Akacheka mpaka akakohoa. "Binti yangu, hii si baruti. Hii ni ejersa! Mmefukiza bunduki kama gorfa!" Kisha akanionyesha vitundu viwili vitupu. "Pini za kugonga risasi hazimo. Na kutu hii ni ya zamani kuliko mimi. Huyo mzungu alimpa babu yako chuma tu."

Nikamuuliza, "Kwa hivyo Sericho ni uongo?"

"Nani amesema? Baba yangu alikuwa kisimani siku hiyo. Alituambia wanaume wote walikimbia, yeye akiwemo. Aliyebaki ni babu yako."

Nikaiviringisha tena shukani. Babu alisimama mbele ya watu wenye silaha akiwa na kipande cha chuma. Na akko alijua! Kila asubuhi alimtilia mumewe masizi mtutuni, ili mtu asije akajua kwamba haijawahi kulia. Maskini akko wangu, na mimi nilikuwa nikilalamika moshi unaniuma macho.

Siku hizi maziwa yanakuja mjini na mitungi ya plastiki, hayana harufu ya nyumba ya mtu yeyote. Wajukuu wa akko hawajui ejersa ni nini. Lakini Jumatatu, baba mdogo alipokuwa akivaa viatu, niliwasha kijiti uani. Mtutu wa kulia, kisha wa kushoto. Machozi yakanitoka, na safari hii si ya moshi.

"Unafanya nini wewe?" akafoka. "Polisi si wataona imepiga jana!"

"Basi," nikamwambia, "wamuulize fisi."