Tumbo la Kizamani

Nilipopangiwa kufundisha biolojia Endulen, mtu wa kwanza kunikaribisha alikuwa mama mmoja wa Kimaasai ambaye boma lake lilikuwa karibu na shule. Mwanawe alikuwa darasani kwangu. Jumapili yangu ya kwanza aliniita, akanimiminia kikombe kikubwa cha maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ile. Mimi ni wa Newala. Kwetu ni mikorosho, ng'ombe nilikuwa nawaona kwa nadra. Nilikunywa nikamaliza. Akaongeza. Kwa adabu nikamaliza tena.

Nikiwa njiani kurudi, tumbo likaanza kuunguruma. Nilianza kutembea haraka, kisha nikakimbia, kanga mkononi, na wachungaji waliniangalia kwa mshangao. Nilifika chooni kwa kudra ya Mungu.

Baada ya hapo kila aliponiita nilikuwa na udhuru. Mara nasahihisha madaftari, mara kichwa kinauma. Niliona aibu kusema ukweli, maana kwa watu wale maziwa ni heshima.

Wiki ya nne, nikiwa nafundisha kidato cha nne jinsi viumbe wanavyobadilika kulingana na mazingira, mama yule akasimama mlangoni, kibuyu mkononi.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

Mwanawe akainamisha kichwa. Nilimtazama mama machoni, nikajua udhuru mwingine ungemuumiza.

"Hujanikosea, mama. Maziwa yako yaliniendesha."

Darasa zima likaangua kicheko, na mama akacheka kuliko wote, hadi akaegemea mlango. Nikamvutia kiti, nikaendelea na somo nikijitumia mwenyewe kama mfano. Niliwaeleza kwamba watoto wachanga wote humeng'enya sukari ya maziwa, lakini watu wengi duniani hupungukiwa na uwezo huo wakishakua. Kwa wafugaji wa kale, waliotokea kuzaliwa na uwezo wa kudumu walinufaika na maziwa, hasa miaka ya njaa. Wakaishi, wakazaa, wakarithisha watoto wao. Vizazi vikapita, wenye matumbo hayo wakawa wengi.

Mwanawe akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, Madam, sisi na wewe ni watu wa aina mbili?"

"Hapana. Zile nyayo za Laetoli mnazozisikia, zilizoganda kwenye mwamba hapa jirani, ziliachwa na viumbe wa kale kabisa, kabla hajakuwepo binadamu kama sisi. Ng'ombe wamefugwa juzi tu. Asili yetu ni moja, mimi na wewe. Tena tumbo langu ndilo lililobaki kama la mababu."

Mama alisikiliza mpaka kengele ikalia. Kisha akanipa kibuyu. "Haya yamelala siku tatu, yameganda. Hata wagonjwa wetu huanza na haya. Kunywa kidogo."

Nikanywa nusu kikombe, wanafunzi wakinichungulia dirishani kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Nikangoja. Jioni ikafika, tumbo limetulia. Chachu ilikuwa imeshaila sehemu ya ile sukari kabla yangu.

Tangu hapo nashinda kwake kila Jumapili, tumekuwa ndugu. Juzi tulikwenda pamoja mnadani, akanishika mkono akawatangazia wenzake kwa fahari, "Huyu ndiye mwalimu wangu, ana tumbo la kizamani!"

Wakanisalimia kwa heshima, kama mtu aliyewazidi umri.