Theopista na Dadu za Kijani

Saa moja asubuhi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, umekwishachangamka. Theopista anatikisa kopo la maziwa na kumwaga mkekani dadu nne: nyekundu, ya manjano, ya buluu na ya kijani. Kila rangi ina mafungu yake sita ya mbegu za ukwaju. Namba ikitokea, mbegu inaongezwa kwenye fungu lake.

"Ukirusha dadu ya haki mara sitini, kila namba itakuja kama mara kumi," anajisemea. "Ikija mara nane au kumi na mbili si neno. Ila dadu ikipendelea namba moja, hapo nimekosea mimi."

Alitoka Masasi mwaka 1951 na mumewe Severine, seremala. Severine alipofariki, alimwachia msumeno, tupa na chumba cha kupanga. Majirani walisema hatafika Pasaka. Huu ni mwaka wa nne anachonga na kuuza dadu, na siku njema humpa shilingi tatu. Ludo nyingi za Kariakoo huchezwa kwa dadu zake.

Asubuhi hii fungu la sita la kijani limefura: mbegu ishirini na tatu. Anajaribu dadu nyingine ya kijani, mambo ni yale yale.

Praful, mwenye duka Mtaa wa Kichwele, amefuata mzigo wa Diwali. Anachungulia mkekani.

"Mama, sita zimekuja nyingi mno. Sasa zitachoka zenyewe."

"Dadu haichoki, Bwana Praful. Haikumbuki hata ilichoonyesha sasa hivi."

Anaipasua moja kwa patasi. Chini ya rangi, upande wa sita, mninga ni mweupe na mwepesi. Ili kuokoa ubao, alikata mpaka ukingoni karibu na gome, na rangi ikaficha kosa. Upande mwepesi hupenda kukaa juu.

Anazikusanya za kijani zote na kuzitia jikoni chini ya sufuria ya chai. Roho inamuuma, na hafichi.

"Diwali nitauza nini?" Praful anauliza.

"Chukua rangi tatu leo. Za kijani njoo kesho jioni."

"Wateja wakiniuliza?"

"Waambie fundi amezikataa."

Praful anatazama moto, kisha anacheka. "Hilo nitawaambia kabla hawajaniuliza."

Theopista anachagua ubao mwingine, safari hii wa katikati ya gogo. Anataka kibao mlangoni chenye jina lake. Lakini liko analolitaka zaidi.

"Nipite barazani nimsikie mtu aliyefungwa ludo," anasema. "Ailaani bahati yake mpaka achoke, na dadu yangu asiilaumu."