Swali Linalofuata Baada ya Matangazo ya Vifo

Kipindi changu kinaanza mara tu baada ya matangazo ya vifo. Si mimi niliyechagua saa hiyo. Nilipokwenda kwa meneja wa redio moja ndogo pale Bukoba kumwomba nusu saa ya kuzungumza na watu juu ya maswali mazito, aliniuliza maswali mazito ndiyo yapi, nami nikamjibu kwa kirefu, kama tunavyojibu sisi tuliosomea falsafa na kuishia kufundisha sekondari. Alinisikiliza huku akichokonoa meno. Mwishowe akasema Jumamosi asubuhi, baada ya vifo, hakuna mfanyabiashara anayetaka tangazo lake lisomwe hapo, kwa hiyo nafasi ipo. Neno falsafa nisilitamke hewani kabisa, maana watu watahama stesheni kabla sijalimaliza.

Niliumia, sitaficha. Nilichukua miezi kadhaa kutambua kwamba alikuwa amenipa saa nzuri kuliko zote. Kwetu mtu anaweza kukosa taarifa ya habari, anaweza kukosa hata mpira, lakini vifo atasikiliza. Anasikiliza huku anapanga kichwani: huyu ni wa ukoo wa mama, huyu nilisoma naye, maziko ni kesho saa nane, nani atanisindikiza. Jembe linawekwa chini, sufuria inasogezwa pembeni ya moto, watoto wanaambiwa wanyamaze. Msomaji akimaliza jina la mwisho, watu hawainuki papo hapo. Hapo ndipo ninapoingia na swali langu moja.

Niliwahi kuuliza kama mtu aliyesamehe kwa sababu amesahau, amesamehe kweli. Niliwahi kuuliza kama anayekuheshimu kwa woga amekuheshimu. Wapigaji simu walikuwa walewale, nikawazoea kwa sauti. Kulikuwa na fundi cherehani wa mjini, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, aliyeanza kila jibu kwa kunisalimia taratibu kana kwamba muda wa hewani ni wake. Kulikuwa na bwana mmoja wa Izimbya aliyepiga kelele kama anayeniita kutoka ng'ambo ya bonde. Na kulikuwa na mama mmoja wa Maruku, mjane, mkulima, ambaye hakupiga mara nyingi, lakini akipiga nilikuwa nakaa wima kwenye kiti.

Mimi mwenyewe sikuwa najibu. Hiyo ilikuwa sheria yangu, na niliipenda mno. Mtu akiniuliza, "Mwalimu, na wewe unasemaje?" nilikuwa nacheka kidogo na kusema, "Mimi nauliza tu." Nilidhani huo ni unyenyekevu.

Baba yangu hakuwa msikilizaji wangu. Angalau hivyo ndivyo alivyosema. Alikuwa mkulima wa kahawa huko Muleba na mzee wa kanisa letu la Kilutheri kwa miaka mingi, na baada ya mama kufariki alibaki kwenye nyumba yake na dada yangu mkubwa. Kila nilipokwenda kumsalimia alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu tunazoita akamwani, kisha baada ya habari zote za ukoo kwisha angesema, bila mimi kumuuliza, "Hicho kipindi chako sijakisikia. Nasikiliza vifo, halafu nazima. Betri ni ghali." Nilicheka naye, lakini nilikuwa nakereka njia nzima hadi nyumbani kwangu Ijuganyondo. Mkoa unanisikiliza, baba yangu anazima.

Kisha akaanza kukonda. Tulimpeleka hospitali, akapimwa, akapimwa tena, na daktari akatuita sisi watoto nje, kwenye korido. Maneno yake hayakuwa mengi. Alisema turudi naye nyumbani, tumpe dawa za maumivu na tumpe anachopenda kula. Dada alilia akiwa amegeukia ukutani. Mimi nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa, nikaivua tena nikaifuta. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi ndani, mlango ukiwa wazi, anatutazama.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyeamua. Alisema mgonjwa haambiwi. Ukimwambia utamuua kabla ya ugonjwa. Tumwambie ni vidonda vya tumbo, vinachukua muda, atapona. Tuliitikia wote. Nami niliitikia, mimi niliyekuwa nimeuliza mkoa mzima, si mara moja wala mbili, kama uongo wa huruma ni uongo.

Kwa nje lilikuwa jambo dogo la kumficha mzee habari mbaya. Lakini kwetu baba akiona siku zake zinaelekea mwisho, ana kazi ya kufanya. Anawachukua wanawe na kwenda kuzunguka kibanja, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ambalo si lake peke yake bali ni la ukoo. Anawaonyesha mmea mmoja mmoja wa mpaka, hiyo mirefu yenye majani kama mikuki tunayoiita emilamula. Anasema nani atashika nyumba. Anaonyesha atakapolala. Baba akiondoka bila kufanya hivyo, mipaka inabaki kwenye midomo ya majirani, na nimeona ndugu wa tumbo moja wakikutana mahakamani mpaka wamezeeka. Tulijua yote haya. Bado tulimwambia ni vidonda vya tumbo, akaitikia kwa kichwa, akanywa uji.

Wiki zikapita. Kila nilipokwenda nilimkuta amepungua, na kila mara nilimwambia naona leo una nafuu. Nilianza kujichukia. Sikuwa na wa kumwambia, kwa hiyo nikafanya kile ninachojua kufanya. Jumamosi moja, jina la mwisho la marehemu liliposomwa, nikafungua kipaza sauti na kuuliza: mgonjwa ambaye hatapona, aambiwe au afichwe? Nilijiambia ni swali kama mengine. Na kule Muleba, nilijua, redio ilikuwa imeshazimwa.

Simu hazikukatika. Bwana wa Izimbya alisema afichwe, afichwe kabisa, mtu akishakata tamaa hata uji haushuki. Fundi cherehani alinisalimia, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akasema kwa upole kwamba mtu ana watu wa kuwaomba radhi na wasia wa kuacha, ukimficha umemnyima safari yake. Nilimshukuru. Halafu akaingia mama wa Maruku.

"Mume wangu tulimficha," alisema. "Wiki ya mwisho alikuwa ananiagiza nipande maharage, akaniambia sehemu ya kupanda, akasema akipata nguvu atakuja kupalilia. Nilikuwa naitikia tu. Amekufa, nikayapanda. Yakaota, nikayavuna. Nilishindwa kuyala, mwalimu, nikayagawa yote. Mpaka leo najiuliza, tulikuwa tunamficha yeye, au tulikuwa tunajificha sisi?"

Nilivua miwani nikaifuta.

"Na wewe mwalimu?" akasema. "Angekuwa ni mzazi wako?"

"Mama, mimi nauliza tu."

"Haya, waitu," alisema, kama anayemwita ndugu. "Wewe uliza tu." Akakata simu.

Mchana huohuo dada alinipigia. Alisema baba anataka nije kesho baada ya ibada, nije na viatu vya shambani. Nilimuuliza kwa nini. Alisema hajui, hajaongea lingine tangu asubuhi, amekaa na redio mapajani. Nilimuuliza redio ya nini, si huwa anazima. Dada akashangaa. "Azime? Baba? Jumamosi hapa hata kuku hatumfukuzi mpaka umalize. Hukujua?"

Sikujua. Miaka yote hiyo nilimwamini, kwa sababu alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Nilikuwa nimemwambia baba yangu kwamba anakufa, nikiwa umbali wa wilaya nzima, mbele ya watu wote, na sikuwa hata nimeongea naye.

Nilimkuta Jumapili amevaa kanzu nyeupe na koti juu yake, mavazi ya harusi na ya misiba, ameshika fimbo. Baba mdogo alikuwepo, na jirani mmoja mzee. Hakuna aliyetaja redio. Baba alisema tu, "Twende," akatangulia.

Tulizunguka kibanja kwa mwendo wake. Dada alikuwa nyuma yake, mikono tayari kumdaka. Kila penye mlamula wa mpaka baba alisimama, akaugusa kwa fimbo, akasema nani aliupanda na nani alikuwa shahidi. Huu alipanda babu yako. Huu ulikauka nikapanda mwingine palepale, jirani huyu alikuwepo. Jirani aliitikia. Alisema nyumba itashikwa na dada yangu, kwa sababu ndiye aliyekaa, na kama kuna wa ukoo atakayelalamika kwamba ni mwanamke, baba mdogo atasimama. Baba mdogo, yule aliyesema mgonjwa haambiwi, aliitikia huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Tukafika kwenye kaburi la mama, katikati ya migomba. Baba alichoma fimbo kwenye udongo kando yake. "Hapa," alisema. "Mgomba huu mtaukata, umezeeka." Kisha akawaambia wengine watangulie nyumbani, ndizi zetu, ebitoke, zitakuwa zimeiva. Tukabaki wawili. Nilimsaidia kukaa kwenye ukingo wa kaburi la mama, nami nikachuchumaa mbele yake.

"Tata," nilisema, "nisamehe. Nilidhani huwa unazima."

"Ningekuambia nasikiliza, ungekuwa unaniongelesha mimi," alisema. "Ungeogopa. Usingeuliza vitu vile."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu pale hospitali. Ulifuta miwani mpaka nikakuonea huruma." Alipumzika, pumzi ilikuwa fupi. "Nikaona mnahangaika kunificha, nikasema niwaache, labda inawasaidia. Sasa jana nakusikia unawauliza watu. Fundi wa mjini umemuuliza. Yule wa Izimbya mwenye makelele umemuuliza. Mkoa mzima umeuuliza, mwana wange. Mimi hukuniuliza."

Hakusema kwa hasira. Ningependelea hasira. Nilitazama mikono yake, mishipa imesimama, kucha zina udongo kidogo wa kugusagusa migomba njiani. Nilitaka kumuuliza kama anataka kuambiwa, nikaona ni upuuzi, hilo limepita. Maswali yangu yote ya Jumamosi yalinikimbia. Lilibaki moja, nalo sikuwahi kumuuliza mtu yeyote maishani mwangu kwa kuogopa jibu.

"Tata, unaogopa?"

Aliangalia pale alipochoma fimbo. Kisha akasema, "Ndiyo."

Akasema tena, "Ndiyo, naogopa. Mimi ni mzee wa kanisa, nimezika watu wangapi, nimewasomea maneno yote yale nikiamini, na bado nayaamini. Lakini naogopa. Nyumba imejaa watu mchana kutwa, kila anayeingia ananiambia nina nafuu. Nimwambie nani?"

Nilimshika mikono. Aliniambia anachoogopa, kimoja kimoja: maumivu, giza la ndani ya udongo ingawa anajua hatakuwepo, dada yangu kubaki peke yake, na kwamba labda mama, wakikutana, atakuwa bado amekasirika kwa jambo fulani la zamani alilonieleza lakini sitaliandika. Alilia kidogo. Nami nililia. Dada alituita mara mbili tukala chakula kimepoa.

Aliishi wiki chache baada ya hapo. Watu waliokuja kumwona waliambiwa ukweli mlangoni, naye aliwaomba radhi aliotaka kuwaomba, na mmoja alikataa kumsamehe, ikawa hivyo. Tulimzika pale alipochoma fimbo. Mgomba tuliukata.

Jina lake lilisomwa kwenye matangazo kama ya wengine wote, na majina yetu watoto yakafuata, la kwangu likiwamo, pamoja na kazi yangu. Jumamosi mbili nilikuwa msibani, na redio waliweka muziki. Jumamosi ya tatu nilirudi. Nilikaa kwenye kiti nikamsikiliza mwenzangu akisoma vifo mpaka jina la mwisho, nikafungua kipaza sauti, na kabla sijafika kwenye swali, taa ya simu ikawaka. Alikuwa mama wa Maruku.

"Pole, mwalimu," alisema. "Nilisikia tangazo." Nikashukuru. Akaendelea: "Kumbe ulikuwa unauliza lako. Ulimwambia?"

Ningeweza kusema mimi nauliza tu.

"Hapana, mama," nilisema. "Yeye ndiye aliyeniambia."

Nilisikia jogoo nyuma yake, na mtu akichota maji.

"Basi ulikaa naye," alisema. "Mimi wangu nilimpandia maharage tu."