Feni ya Mama Mkwe

Mama mkwe hakumwamini mkwewe hata chembe. Nyumba nzima inatoka jasho sebuleni, yeye kajifungia chumbani na feni ya mama, eti anachora ramani za nyumba kwenye kompyuta! Mkwe alipokwenda kuoga, mama akanyemelea. Akakuta kompyuta imefunguliwa ubavu, feni inaipulizia kadi ya kuchakata picha iliyomo ndani. Akaishika swichi.

"Mama, usizime!" Mkwe alikuwa koridoni na taulo kiunoni, anaona aibu kusogea. "Kadi ikichemka, kompyuta inajizima. Kazi yote inapotea!"

"Chuma nacho kinasikia joto?" Mama akasogeza kiganja kwenye kadi, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Haya, baki na feni," akasema, akivuta kiti. "Ila mlango haufungwi. Nakaa hapa hapa niione hiyo nyumba inavyochorwa."