Vitenge Viwili vya Kubebea Mutoto

Mutoto wangu ananyonya kona ya kitenge. Ukimufunga tu mugongoni, anavuta kona, anaitia mu kinywa, basi, kimya mpaka nyumbani. Tena kifua chake hakipendi mvua, na mvua ya Bukavu haibishi hodi. Ndiyo maana nilinunua sokoni dawa ya kupuliza, ile inayofanya maji yateleze juu ya nguo, nikapuliza kitenge chote. Mimi, mutu wa maabara! Hata chupa sikuisoma.

Kisha kazini, kwenye université, tukaanza kutafuta namna ya kukinga nguo na mvua bila zile kemikali zisizooza. Professeur akaeleza: kuna zinazokaa mu maji na mu mwili miaka na miaka. Jioni nikasoma ile chupa yangu: zimo. Kona ile! Nikakata kitenge kingine mu pièce ileile, rangi ileile, nikakipaka nta ya nyuki kutoka Mumosho, nikapiga pasi mpaka nta ikazama. Nta, hata mutoto akiinyonya, ni nta. Kile cha zamani nikakificha kitandani, chini ya matelas. Kukitupa, nikitupe wapi? Ziwa iko pale chini. Kukichoma, na moshi je? Sikujua. Mpaka leo sijui.

Cha nta nikamuachia mama mukwe wangu, anayebaki na mutoto nikienda kazini, amubebee wiki nzima mu mvua. Sikumwambia kitu. Ona ujinga! Kwetu kitu cha kuazima hakirudi bila kufuliwa, ni aibu.

Samedi, mwisho wa wiki, nikakuta vitenge viwili juu ya meza, vimekunjwa, vimepigwa pasi ya makaa.

"Kingine nilikiona chini ya matelas," akasema kwa furaha. "Nikasema, maskini, huyu iko na kazi mingi, nimusaidie. Nilifua yote mu bassin moja."

"Maman, kile nilichokuachia ni kipi, cha chini ya matelas ni kipi?"

"Si viko sawa?"

Nikadondosha maji. Matone yakakaa duara juu ya hiki, na juu ya kile pia. Nikanusa: sabuni. Si ningeshona hata uzi mumoja wa alama! Nilitaka kumukasirikia, lakini hasira ilinirudia mwenyewe.

Nje mvua ikaanza. Mutoto akanyoosha mikono, anataka mugongo. Nikatia kona ya kwanza mu kinywa yangu nikanyonya, nikitafuta ladha ya nta, kisha ya pili, mama mukwe ananiangalia, anashangaa. Zote mbili zilikuwa na ladha ya sabuni yake.